Mteja wa Kimya

Mstari ulikuwa umelala chali tangu mwaka uanze, halafu siku moja ukaamka. Wala sisemi ulijiinua taratibu kama mgonjwa anayeomba maji. Uliamka ukapanda ukuta kama mjusi aliyemwona paka.

"Wiki tatu," alisema Mchambuzi, akiigonga skrini kwa kalamu. "Wiki tatu tu, jamani! Watumiaji hamsini wamekuwa mia nne na kumi na wawili. Bila tangazo. Bila hata bango."

Mchambuzi ni mtu mzima, baba wa watoto wanne, lakini mpe grafu inayopanda uone anavyokuwa mtoto. Ana miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na akifurahi husahau ipi ni ipi. Asubuhi hiyo ya Jumatatu alikuwa anaitafuta ya puani.

Bosi wetu hakufurahi. Aliegemea kiti, akafumba jicho moja, akauliza neno lake:

"Kwa nini?"

Ndiyo maana tunamwita Bi Kwanini. Anajua tunamwita hivyo. Alipogundua, aliuliza kwa nini.

Kazi ya ofisi ile ilinichukua mwezi mzima kuielewa, na nikiieleza nyumbani mama mkwe mpaka leo anadhani natania. Kuna watu wana wazo, wana kompyuta mbili na meza ya kuazima, na hawajauza kitu. Benki haitaki hata kuwasikia. Wanakuja kwetu. Bi Kwanini anawapa mtaji, na yeye anachukua kipande cha kampuni yao hiyo changa. Katika kumi, saba zinakufa, mbili zinachechemea, na moja ikisimama inazilipia nyingine zote. Watu wengine wanaogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Bi Kwanini ananunua gunia tupu, kisha anakaa kungoja mbuzi azaliwe. Kwa hiyo maswali ndiyo macho yake.

Mimi niliingia pale kwa mlango wa nyuma, na sisemi kwa mafumbo. Upo mlango wa nyuma, karibu na mapipa ya taka, na ni amri nipite huo huo ili waombaji wa mtaji wasinione sura. Kabla ya hapo niliuza nguo sokoni miaka kumi na minne, na Bi Kwanini alikuwa mteja wangu. Siku moja akaniuliza nawezaje kumjua anayenunua na anayepapasa tu. Nikamwambia, anayepapasa husifia kitambaa, anayenunua hutafuta kasoro. Akalipa. Wiki iliyofuata akanipigia simu.

Kazi aliyonipa inaitwa mteja wa kimya. Kampuni changa ikija kuomba mtaji, mimi napewa bidhaa yao niitumie kama mtu wa kawaida, nyumbani kwangu, mtaani kwangu, na niandike daftarini kila kinachonifurahisha na kinachonikera. Sharti ni maneno matatu yaliyobandikwa ukutani: Tumia. Andika. Nyamaza. Nilitia sahihi.

Na sharti hilo nililishika vizuri kabisa, ukimtoa wifi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi cherehani, na anashonea sebuleni kwetu. Nyumba ina watu tisa, na siku za wateja hata kumi na watano. Kwetu kiti hakipoi. Mume wangu ni dereva wa lori, anafika mara mbili kwa mwezi, ananiangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Sasa jioni mtu utaongea na nani? Kumwambia wifi si kusema. Ni kufikiri kwa sauti.

Basi kila nilichopewa kujaribu, wifi alikijua. Ilianza kengele ya simu ya kukukumbusha kunywa maji. Wifi akasema, "Na kiu nayo imeachishwa kazi?" Ikaja programu ya kukuchagulia nguo ya kuvaa kesho. Akaguna. Ikaja ya kupima usingizi. Akasema usingizi wake anaujua, tatizo ni cherehani. Nyingine mbili hata mimi nimezisahau majina. Ya sita, niliyopewa mwezi mmoja nyuma, ilikuwa hii ya mstari uliosimama. Inaitwa Nishikie.

Aliyeitengeneza alikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki. Miaka tisa aliwaona watu wakifika alfajiri, wamejifunga kanga na makoti, wakikaa saa nne kwa huduma ya dakika sita. Jina alilichukua kwenye foleni yenyewe: "Dada, nishikie nafasi, naenda mara moja." Ukiwa foleni unabonyeza simu: nipo, mbele yangu wako kumi na saba. Aliye nyumbani anaona, anamalizia kufua, anatoka foleni ikipungua. Kliniki, ofisi ya vitambulisho, kwa wanaolipia umeme, popote watu wanaposimama mmoja nyuma ya mwingine. Hakuna zaidi.

"Mwanzilishi mwenyewe nimemuuliza kilichoinua huu mstari," alisema Bi Kwanini. "Unajua kanijibu nini? 'Sijui.' Nimempenda kwa hilo. Lakini siwezi kuweka mtaji kwenye sijui." Akanigeukia. "Hawa wapya karibu wote wako mtaa mmoja. Mtaa wako wewe. Nenda uniletee kwa nini. Kamati inakaa Alhamisi saa nne."

Alhamisi hiyo hiyo miezi yangu mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha. Karatasi ya ajira ya kudumu niliiona mezani kwake, imeshapigwa chapa, inangoja sahihi moja. Nina miaka hamsini na mmoja, kibanda changu cha sokoni nilishamwachia mwingine, na ile karatasi ilikuwa na bima ya matibabu ndani yake. Goti la mama mkwe lilikuwa linaingoja bima hiyo kwa hamu kuliko mimi.

Lakini sitadanganya: nilitoka pale nikitabasamu. Fikiria, kupewa udaku uwe kazi ya ofisi!

*

Jumanne saa tatu nilikuwa kliniki. Zamani ungekuta watu mpaka barabarani. Siku hiyo palikuwa na watu kumi na tisa tu, na benchi moja lilikuwa limelaliwa na paka. Nikakaa karibu na mama mmoja mwenye mapacha.

"Shoga, siku hizi foleni imekuwaje?"

"We hujui?" Akanionyesha simu kama mtu anayeonyesha pete. "Kuna kitu kinaitwa Nishikie."

"Ala! Nani kakuambia?"

"Msusi wangu."

Nikaandika: msusi. Moyoni nikasema kazi imekwisha, maana msusi akisema jambo, redio inazimwa. Nikatembea mpaka saluni. Msusi alikuwa na kichwa cha mtu mkononi, nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

"Nishikie? Mimi nimewawekea kama thelathini hivi," alisema, kitana mdomoni. "Mtu akikaa hapa yuko chini ya ulinzi wangu."

"Na wewe nani alikuwekea?"

"Fundi viatu, huyo wa hapo nje. Alinipa kisa cha bibi mmoja, maskini, alikuwa anakaa kliniki tangu giza, siku moja akazimia akapitwa na namba yake. Sasa anafika, anaitwa, anaondoka. Nililia, wallahi."

Mwenye nusu kichwa akadakia, "Mimi nilisikia alizimia mara mbili."

Nikatoka na kisa changu cha bibi aliyezimia. Fundi viatu alikuwa ameinama juu ya soli.

"Hakuzimia," alinirekebisha, maana yeye ni mtu wa kupima. "Goti ndilo lilimfia. Goti la kushoto. Alikuwa anabeba kigoda chake mwenyewe kila akienda, kigoda cha kijani, mguu mmoja umefungwa waya."

Kalamu yangu ikasimama.

"Waya wa rangi gani?" niliuliza, na sauti sikuijua ni ya nani.

"Mwekundu, alisema. Aliyenisimulia ni mama aliyeleta kiatu kushonwa kisigino. Anasema yeye aliambiwa akiwa anapimwa gauni."

Jamani. Ule waya mwekundu niliufunga mimi kwa mikono yangu. Niliuchomoa kwenye redio mbovu.

*

Usiku ule sikumwambia mtu kitu, na nyumba nzima ikajua naumwa.

Jumatano nilirudi kliniki. Nilikuwa natafuta mzizi mwingine. Mtu ukishajua mtoto ni wako unabaki kuwaangalia majirani usoni, pengine amefanana na mmoja wao. Nikauliza watu sita. Watatu walisema msusi. Wawili walisema mama yule wa kiatu. Mmoja alisema, "Kuna nyumba moja hivi wanashona," akanielekeza mpaka mlangoni kwangu, kona kwa kona, na rangi ya pazia akaipatia.

Nilikuwa nafunga daftari mwanamke akaja kukaa kando yangu. Viatu vya chini, begi la mgongoni, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Nilimtambua hapo hapo. Nilishamwona mara mbili kupitia kioo cha ofisini akieleza kampuni yake. Yeye hakuwahi kuniona. Mlango wa nyuma ulifanya kazi yake.

"Shikamoo, mama," alisema. "Samahani, nakuona una Nishikie kwenye simu. Naomba kukuuliza, nani alikuambia habari zake?"

Swali langu mwenyewe, limenigeukia likiwa limevaa viatu vya chini.

"Marahaba, mwanangu. Nilisikia tu," nikajibu. "Watu wanasema."

"Watu gani? Samahani, nakusumbua. Ni kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajalala. "Watu wanadhani nimefurahi kwa sababu imepanda. Nimeogopa. Kisichojulikana kilichokipandisha, hakijulikani kitakachokishusha. Kesho naingia kwenye kamati ya wawekezaji na jibu sina. Ningelipata, hata likiwa baya, ningeshukuru."

"Hata likiwa baya?"

"Mama, nimekaa dirisha lile pale miaka tisa." Akaonyesha dirisha la mapokezi. "Kinachowamaliza watu foleni si kungoja. Ni kungoja bila kujua."

Nikamwangalia. Nikakohoa. Nikamwambia Mungu yupo. Ndiyo jibu alilolipata kwangu, la mwanamke mwenye jibu kwenye daftari, mapajani.

*

Nyumbani niliwakuta kama kawaida. Sebuleni wifi alikuwa amemsimamisha mteja katikati, mikono juu, utepe umemzunguka kifua, simu ya mteja iko mkononi mwa wifi.

"Namba yako ya siri? Sawa. Nakuwekea hii. Usishushe mkono, nitakosea kwapa."

Uani, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda cha kijani, amezungukwa na wanawake wanne, na hapo alikuwa amefika kwenye goti.

Nikamngoja mteja aondoke. Nikafunga mlango.

"Wifi, umewawekea wangapi hiki kitu?"

"Sijui. Nani anahesabu? Wote waliopimwa. Mtu akisimama kupimwa hana pa kukimbilia."

"Nilikuambia ni siri!"

"Siri uliniletea wewe ikiwa kitambaa, mimi nimeitia mikono tu." Akakata uzi kwa meno. "Na hukusema siri. Ulisema 'wifi, njoo uone ajabu.'"

Ni kweli nilisema hivyo.

Nikawaeleza, yeye na mama mkwe. Kwamba ofisi inataka kujua watu wangepokeaje kitu bila mimi kuwasukuma. Kwamba sasa ule mstari wanaoushangilia si watu, ni sisi. Kipima joto kimemwambukiza mgonjwa homa. Na kwamba nikisema, karatasi yangu haitiwi sahihi.

"Na bima ya goti?" aliuliza mama mkwe.

"Na bima ya goti, mama."

Alilitazama goti lake kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa sana.

"Basi usiseme," alisema wifi. "Sharti lao si linasema nyamaza? Kesho ndiyo siku ya kulitii."

Nilicheka, ingawa sikutaka. Wifi yangu akizungumza na jiwe, jiwe litacheka. Lakini kilichonikosesha raha si sharti. Ni yule binti wa begi, na jibu lake kukaa mapajani mwangu. Halafu kulikuwa na jambo jingine, dogo, linanitekenya kama unywele kwenye shingo ya gauni, nikawa silishiki. Nilijua tu kuwa kuna swali sijajiuliza.

*

Alhamisi saa nne. Chumba kile kile, skrini ile ile. Mwanzilishi alikuwa ameketishwa chumba cha mbele, nilimwona kwa kioo, begi amelipakata kama mtoto. Bi Kwanini alikuwa na karatasi mbili mbele yake: ya mtaji wa Nishikie, na yangu.

"Haya," alisema. "Kwa nini?"

Nikasema. Msusi, fundi viatu, mama wa kisigino, kigoda, waya. Nilipofika kwa wifi nilipunguza sauti, lakini nilifika.

Mchambuzi alivua miwani zote mbili. Akabonyeza, akautoa mtaa wangu kwenye hesabu, na tukatazama wote. Mstari ulilegea, ukashuka, ukalala chali pale pale ulipokuwa tangu Januari.

"Wiki tatu nimepima mdomo wa familia moja," alisema polepole. "Nimeshaandika ripoti kurasa ishirini na sita."

Bi Kwanini alizitazama zile karatasi mbili. Kisha akaisukuma karatasi ya Nishikie pembeni.

"Huyo binti atarudi nyumbani, tena inaniuma. Na wewe umevunja sharti." Akaivuta karatasi yangu. "Lakini umekuja mwenyewe, na ungeweza kutuficha. Mara moja naisamehe. Usirudie."

Akafungua kalamu.

Nawaambia, niliiona ile bima. Niliiona ncha ya kalamu ikigusa karatasi, nikaliona goti la mama mkwe linapanda ngazi bila kushika ukuta. Na hapo hapo, kwa sababu alisema mara moja, lile swali dogo la jana likajitokeza zima zima.

Mara moja?

"Si mara moja," nikasema.

Kalamu ikasimama.

"Unasema?"

"Wifi nilimwambia zote. Zote sita. Kengele ya maji, nguo za kesho, usingizi, zote. Tangu wiki ya kwanza."

Mchambuzi alifumba macho. Bi Kwanini aliniangalia kama anayeangalia mtu anayejibomolea nyumba huku amekaa ndani.

"Kwa nini," alisema, na safari hii hata halikuwa swali, "unaniambia hivi?"

"Kwa sababu sielewi, bosi. Nyumba ni ile ile. Sebule ile ile, wifi yule yule, wateja wale wale wamesimama mikono juu. Nilimletea vitu vitano akapiga miayo, havikutoka hata mlangoni. Hiki kimoja sikumwomba, kikavuka mtaa mzima kikanirudia kina hadithi ya mtu kuzimia. Kama ni mdomo wetu, mbona zile nyingine hazikupanda?"

Ukisikia mashine ya hewa inavyonguruma ujue watu wanafikiri.

Mchambuzi akavaa miwani, moja baada ya nyingine. Akazifungua zile kampuni tano, moja moja, kwa mtaa wangu, kwa wiki nilizokuwa nazo. Akaniomba daftari lenye tarehe. Mistari mitano ilijipanga skrini nzima. Yote imelala. Kisha akaurudisha wa sita juu yake.

"Hili," alisema, sauti imekuwa kama ya mtu kanisani, "hata kwa makusudi nisingeweza kulipanga."

Bi Kwanini alikuwa amesimama, pua karibu na skrini. Alikaa hivyo mpaka kiti chake kikaacha kuyumba. Kisha akarudi, akachukua kalamu, akaifunga kifuniko.

"Hii siwezi kuitia sahihi. Mteja wa kimya asiyenyamaza mara sita, unaona mwenyewe."

"Naona."

"Mwambieni mwanzilishi simkatai, asubiri mpaka kesho. Na wewe nielekeze kwenu." Akainua mkoba. "Nina kitambaa nyumbani kinataka fundi."

*

Ijumaa asubuhi alikuja peke yake, kwa miguu, kitambaa cha buluu kwapani. Aliniomba nisimtambulishe. Hilo niliweza, kwa sababu nilijifungia jikoni na kuchungulia.

Wifi hakuuliza jina. Alimsimamisha katikati ya sebule kama wengine.

"Mikono juu, dada. Pumua. Usinidanganye tumbo, gauni litanisema. Una Nishikie?"

"Ndiyo nini?"

"Simu iko wapi?"

Nikamwona bosi wangu, mwanamke anayewatoa watu jasho kwa neno moja, amesimama mikono hewani, akimkabidhi wifi simu kwa ncha za vidole.

"Kwa nini niitumie?" aliuliza.

"Unasimama foleni?"

"Huwa namtuma mtu."

"Basi huyo mtu ana miguu," alisema wifi. "Geuka nyuma."

Bi Kwanini akageuka. "Na vitu vingine je? Kuna kengele ya kukumbusha kunywa maji…"

"Hiyo aliileta wifi yangu. Hicho ni kitu cha mtu asiye na shida. Hiki mama yangu alikuwa anatoka hapa saa kumi alfajiri na goti bovu. Siku ya kwanza alipoondoka kweupe, amekunywa chai yake, nilikaa kwenye hiyo mashine nikashindwa kutia uzi sindanoni. Sasa kitu kama hicho nisiseme, nina roho ya chuma? Kiuno themanini na tisa."

Nilipochungulia, Bi Kwanini alikuwa amesahau kushusha mikono.

Alipomaliza tulitoka wote mpaka langoni. Alizungumza akitazama barabara.

"Nishikie nitawapa nusu ya mtaji sasa. Nusu ya pili mstari ukiamka mtaa ambao wifi yako hana mteja. Huyo binti nitampigia mwenyewe, na nitamwambia sababu. Alisema anataka kujua."

"Na mimi?"

"Kazi ya ukimya nitamtafuta mtu anayeishi peke yake." Akanigeukia. "Jumatatu upite mlango wa mbele. Wanaokuja kuomba mtaji utakaa nao kabla yangu, uongee nao, usikie. Miezi mitatu ya majaribio."

"Mingine?"

"Mingine. Bima itaanza baada ya hapo."

Nikahesabu miezi kwa goti. Mitatu si mingi, kwa goti lililongoja miaka. Nilikuwa sijamshukuru bado mama mkwe alipotupita, amejitanda vizuri, simu mkono mmoja, kigoda cha kijani mkono wa pili.

"Sitini na wawili!" alisema kwa furaha, akitazama simu. "Leo wamejaa mpaka barabarani. Naenda."

"Mama, si ndiyo ungoje wapungue?"

"Wapungue niongee na nani? Mwezi mzima nafika, naitwa, narudi. Sijui nani kaolewa, sijui nani kahama." Akatikisa simu. "Kitu kizuri sana hiki. Kinakuonyesha watu walipo."

Bi Kwanini alimtazama. Akanitazama mimi. Akafumba jicho moja.

"Mama, samahani, ngoja kidogo," alisema, akimkimbilia na utepe wa wifi bado unaning'inia begani. "Kwa nini…"

"Beba kigoda, mwanangu," alisema mama mkwe. "Nitakueleza njiani."